Bei ya Karatasi

Mteja akishalipa na risiti ikishachanwa, Bi Meneja alikuwa hauachii mfuko. Alisimama mwisho wa kaunta, akaushika mfuko kwa vidole viwili, akamtazama mtu usoni na kumuuliza, "Radhi?" Mpaka mtu aseme "Radhi" ndipo mfuko ulipoachiwa. Msichana mmoja mgeni, aliyeshuka kwenye basi la kwenda kusini kununua maji, aliwahi kumjibu, "Hapana, mimi naitwa Zuhura." Wenyeji hawakushangaa. Kwetu huku pesa ikishapokelewa biashara bado haijafungwa. Inafungwa muuzaji na mnunuzi wakiridhiana kwa mdomo, ili mmoja wao asije akalala na kinyongo. Kilichoshangaza ni kulikuta neno hilo ndani ya supamaketi, penye feni za dari na vikapu vya magurudumu, ambapo bei imeshaandikwa na hakuna wa kubishana naye.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu ilikaa barazani mwa duka hilo, kushoto kwa mlango, kwa ruhusa yake yeye na si ya mtu mwingine. Kodi niliyolipa ilikuwa kumpunguzia magauni kila mwisho wa mfungo, anapokuwa amekonda, na kuyaachia tena baada ya Idi, bila kutia neno. Kwa miaka yote hiyo nilimwona akiingia na akitoka, nikamsikia akigomba, na siku moja nikamwona akinyamaza pasipo mahali pa kunyamaza. Jina lake nalijua, na la ukoo wake pia, lakini hayo waachiwe wazee wanaopeleka posa. Hapa atabaki Bi Meneja, kama alivyoitwa na mji mzima, hata na mumewe alipokuwa hai.

Duka lenyewe tuliliita Supa. Ni moja kati ya maduka ya kampuni ya Dar, lina ndugu zake Bungu na Ikwiriri, na hili la Kibiti ndilo lililowalisha watu wa delta. Walikuja kwa boti mpaka Nyamisati, kisha kwa gari mpaka kwetu, wakachukua sukari, unga wa ngano na mafuta ya kula, wakarudi visiwani kabla maji hayajakupwa. Mtu wa Mbwera akisahau kiberiti, amesahau mpaka safari nyingine. Ndiyo maana walipiga hesabu ya kila kitu kabla ya kutoka nyumbani, na bei za Supa zilijulikana huko kama zinavyojulikana nyakati za sala.

Bi Meneja alikuwa na nia moja ambayo hakuificha: kwenda kuhiji. Akiba yake aliiweka kidogokidogo tangu alipofiwa na mumewe. Lakini kilichomtia hofu haikuwa nauli.

"Mungu anasamehe ya kwake," aliniambia siku moja nikimpima bega. "Ya waja hayasamehewi mpaka waja wenyewe waridhie. Utaizunguka Kaaba mpaka uote sugu, Fundi, kama kuna mtu umemdhulumu hata ndala, ndala yake inakungoja."

Hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya lile "Radhi?" la kila siku. Wengine husubiri mwaka wa safari ndipo wanaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba wakiomba radhi kwa majirani waliowatukana na ndugu waliowanyima. Yeye aliikusanya papo hapo, mfuko kwa mfuko, ili siku ikifika afunge begi tu na kwenda.

Msidhani kwa hayo kwamba alikuwa mpole. Ulimi wake ulikuwa na makali ya wembe mpya. Nyanya za Supa hazikubonyezwa, ukibonyeza anakuuliza, "Unatafuta roho yake?" Mkaguzi mmoja wa kampuni alimlalamikia kwamba hawatabasamii wateja, akajibiwa kuwa hajaletewa tabasamu kwenye lori, likija atalipanga. Vijana wake wa dukani walimwogopa kuliko baba zao. Mimi mwenyewe aliniita mvivu kwa namna ambazo sikujua kama zipo, na nilipotaka kujibu alinikata kwa maneno mawili aliyoyatumia miaka yote kunifunga mdomo: "Fundi, shona."

Na huyu msimamizi wa bei zisizobishaniwa, mwenyewe hakununua hata kitunguu bila kubishana. Dukani kwake hakuchukua kitu. Alifunga kaunta adhuhuri, akajitanda mtandio, akavuka barabara kwenda sokoni, na kuna muuza dagaa aliyekuwa akimwona anatokea anafunika ungo wake na kujifanya ameshauza. Bi Meneja alimfunua. Walivutana mpaka majirani wakaacha kuuza wakawa wanasikiliza. "Bei isiyobishaniwa haijaiva," alisema, akirudi na dagaa wake na nyongeza ya konzi juu. Nikamuuliza mbona basi dukani kwake watu wanalishwa bei mbichi. Bila shaka mnajua alivyonijibu.

Msibani alikuwa mtu mwingine. Alifika mapema, akajifunga kanga kiunoni, akakaa jikoni na masufuria, na hakuna aliyemsikia akigomba humo. Alipeleka mchele wake na hakutaka utajwe. Nikiyakumbuka hayo nashindwa kumchukia, na nimejaribu.

Sasa niseme jambo la karatasi. Kwenye rafu za Supa kila bidhaa ilikuwa na kikaratasi chake cha bei. Kwenye kaunta kulikuwa na mashine inayosoma mistari ya pakiti na kutaja bei yenyewe. Bei zilipangwa Dar. Masika yale malori yalikuwa yanakwama kwenye tope, bei zikawa zinapanda mara kwa mara, na zikipanda mashine ilijua usiku uleule. Karatasi zilisubiri. Kazi ya kuzibadilisha ilikuwa ya Bi Meneja na vijana wake, na maagizo ya Dar yalisema zibadilishwe "nafasi ikipatikana". Nafasi ikawa inapatikana Ijumaa jioni. Katikati hapo karatasi ilimwita mteja kwa bei ya zamani, mashine ikampokea kwa bei mpya, naye akaulizwa "Radhi?" na akajibu "Radhi", maana nani anasoma risiti akiwa na mizigo mikononi na gari la Nyamisati linapiga honi?

Bi Meneja alijua. Silitafuni neno hili, maana nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia kijana wake aliyekuwa ameshika karatasi mpya, "Ziache mpaka Ijumaa. Dar hawajasema haraka." Namna alivyolipatanisha hilo na hija yake siijui. Nadhani alijiambia kwamba mtu akishasema radhi ameridhia, na yeye ameshapona.

Wa kwanza kugundua alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mtaratibu, aliyerudi na sukari yake mkononi na risiti juu ya sukari. Ilikuwa Alhamisi, na Bi Meneja alifunga Jumatatu na Alhamisi, na jua lilikuwa kali. Mwalimu alisema kwa adabu kwamba bei ya rafuni siyo aliyotozwa. Watu walikuwa wengi kwenye foleni. Bi Meneja angeweza kumrudishia tofauti yake na mambo yakaisha. Badala yake alimtazama toka juu hadi chini.

"Mwalimu," alisema, "anayetaka bei ya karatasi, anunue karatasi."

Foleni ilicheka. Hata mimi nilicheka barazani, na Mwalimu akatoka amenywea. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka magharibi maneno yale yalikuwa kwenye simu za mji mzima. Kijana mmoja wa bodaboda aliyaandika nyuma ya pikipiki yake kwa rangi nyekundu. Watu wakaacha kusema wanakwenda Supa, wakawa wanasema wanakwenda Karatasi. Kisha kicheko kikageuka, maana kila mmoja alianza kwenda rafuni na risiti zake za zamani, na kila mmoja akakuta chake. Redio ya jamii ilifungua simu asubuhi, na simu hazikukatika. Diwani akasema atalifuatilia. Wateja wakapungua, na waliobaki waliingia wakiwa wamenuna, wakasimama mbele ya rafu wakisoma kwa sauti, ili asikie.

Bi Meneja alijibu mapigo wiki nzima. Kompyuta haina tumbo, alisema, itaiba ili ile nini? Alisema hayo kwa sauti, lakini niliona kwamba ameanza kuuliza "Radhi?" kwa haraka, na haangalii tena usoni.

Dar walipoona mauzo yameshuka walileta jibu lao. Lilikuja juu ya gari la matangazo lenye spika mbili, pamoja na kijana wa Makao Makuu mwenye kitambulisho shingoni na viatu visivyojua tope. Gari lilizunguka Kibiti, likaenda Bungu, likarudi likashuka mpaka Ikwiriri, na siku ileile redio ikasoma maneno hayohayo: uongozi unawaomba radhi wateja wake wote kwa usumbufu uliojitokeza kutokana na hitilafu ya mtandao. Yule kijana alikunywa chai barazani kwangu akiwa mwepesi. Kazi imeisha, aliniambia. Kesho anaondoka.

Hakujua amesema nini. Nadhani kwao Dar maneno yale husomwa kama salamu, hata umeme ukikatika watu wanaombwa radhi na hakuna anayegeuka. Lakini huku kuomba radhi ni ombi. Mtu akikuomba radhi amekushikia mlango, na wewe ndiye unayesema apite au asipite. Usipojibu, bado yuko nje.

Kesho yake asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, watu walikuwa wamejaa mbele ya baraza. Hawakuwa na vikapu. Walisimama kimya, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, na wengine walikuwa wametoka mbali, niliwajua kwa matope ya miguuni. Yule kijana wa Makao Makuu alitoka akiwa anatabasamu.

"Karibuni wateja wetu. Niwasaidie nini?"

Mzee mmoja muuza kahawa alisema, "Tumesikia mnatuomba radhi. Tumekuja kujibu."

"Mzee wangu, ile ni taarifa tu. Haihitaji majibu."

"Ombi lisilotaka jibu ni ombi gani hilo, babu?"

Kijana akamtazama Bi Meneja. Bi Meneja alikuwa ameshaelewa, na rangi ilikuwa imemtoka. Alisogea mpaka kizingitini, akafunika kichwa vizuri, akasimama. Na watu wakaanza, mmoja mmoja, kama wanaopeana mkono wa pole. Mzee wa kahawa alisema ametoa radhi yake. Mama muuza maandazi alisema ametoa, ila unga wake wa masika yote haukumfaa, Mungu ndiye anayejua. Bodaboda yule wa maandishi mekundu alisema anatoa, lakini pikipiki haifuti. Mwalimu alikuja, akasema kwa sauti ndogo, "La bei nimetoa. Lile la kunifanya nichekwe na foleni, wanafunzi wangu wakiwamo, bado nalifikiria." Bi Meneja aliitikia kila mmoja kwa kichwa. Nilijikuta ninamwombea.

Kisha akaja mwanamke wa Mbwera. Nilikuwa namfahamu kwa sura, mjane mwenye genge dogo karibu na msikiti wa kule, mtu wa maneno machache. Bado alikuwa kwenye eda au ndiyo kwanza anatoka, sikumbuki, ila najua alikuja bila mtu wa kumsindikiza.

"Mie nilikuja hapa kwa hitima ya mume wangu," alisema. "Watu wamechanga. Shemeji yangu alitangulia, akapiga picha karatasi zenu kwa simu, tukapiga hesabu kwa picha zile. Nikatumwa mie. Nimerudi na sukari pungufu, mafuta pungufu, na hela hamna. Risiti imeroa kwenye boti, ikawa nyeupe. Shemeji akatoa simu yake, akawaonyesha watu bei. Sasa kule naambiwa nimekula hitima ya mume wangu."

"Hela zenu sizitaki," aliendelea. "Bi Meneja aje Mbwera. Aseme mbele ya shemeji yangu na mbele ya wanangu kwamba ile hela iliishia hapa. Akisema, radhi yangu anayo. Asiposema, sijatoa."

Yule kijana alimshika Bi Meneja kiwiko, akamvuta hatua chache, na hatua hizo zilimleta karibu na cherehani yangu.

"Madam, nakuomba," alimnong'oneza. "Ukisema kampuni ilichukua hela ya mtu, umetufunga. Msimamo ni hitilafu ya mtandao. Ukitoka nje ya hapo mimi sitakuwa na la kukusaidia, na mkataba wako unaujua."

Bi Meneja alirudi kizingitini. Mwanamke wa Mbwera alikuwa hajasogea. Walitazamana, na mimi niliacha kukanyaga mashine, maana nilidhani sasa atasema. Mwanamke yule alikuwa amekuja na kitu kidogo kabisa cha kuomba, sentensi moja, na aliyekuwa nayo alikuwa mbele yake. Hapo ndipo alipokaa kimya, yeye asiyewahi kukosa neno kwa mkaguzi, kwa muuza dagaa, wala kwa mwalimu wa watu.

"N'takuja," alisema hatimaye.

"Lini?"

"Mambo yakitulia."

"Haya," alisema yule mwanamke. "Ntakungoja." Akashuka barazani akaenda stendi.

Na mambo yalitulia kweli. Kampuni ilitoa utaratibu mpya, mteja akikuta bei mbili analipa ile ya chini, na ukabandikwa mlangoni. Bi Meneja akawa anakuja alfajiri, anapita kila rafu na kubadilisha karatasi kwa mkono wake, hakumwachia kijana. Wateja walirudi, maana watu wanakula kila siku na kinyongo hakipikwi. Jina la Karatasi likabaki mzaha tu. Mtu asiyejua angesema duka limetubu.

Ila "Radhi?" haikusikika tena. Mfuko ulipokewa na keshia, ukasukumwa mbele, basi. Wateja wa zamani waliusubiri mkono wake, wakaona haupo, wakaondoka wakiwa hawajui wameondokaje.

Mwaka ule jina lake lilikuwa limeshaingia kwenye msafara wa mahujaji. Akalitoa. Aliwaambia watu magoti yanamsumbua. Mimi ndiye niliyempima kanzu za safari, na magoti yale niliyaona yakipanda na kushuka ngazi ya stoo kutwa nzima, kwa hiyo nilikasirika. Nilimngoja watu wapungue, nikamwambia.

"Watu wa Mbwera wanakuja hapa kila siku, Bi Meneja. Boti inakwenda na kurudi. Kumbe Mbwera ni mbali kuliko Makka."

Nilitegemea aniambie nishone. Hakuniambia. Aliketi kwenye benchi la wateja wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mkataba wangu umebakiza miaka miwili," alisema. "Nikisema lile neno, naachishwa kesho yake. Nikiachishwa, hiyo Makka naiendea kwa miguu?"

"Na usiposema?"

"Kawia ufike, Fundi."

"Ngojangoja huumiza matumbo," nilimwambia. "Na tumbo linaloumia si lako." Alinyanyuka akaingia ndani, na kwa mwezi mzima hatukusalimiana isipokuwa kwa kukohoa. Nilidhani ataniondoa barazani. Hakuniondoa, na hilo nalo liliniudhi, maana alininyima sababu ya kumsema vibaya kwa raha.

Miaka ile miwili ikaisha. Kampuni haikumpa mkataba mwingine. Ilimpa keki na saa ya ukutani, ikaleta meneja mpya, kijana anayetabasamu. Bi Meneja akapotea mjini. Nilisikia yuko kwa dada yake huko Chumbi, kisha nikasikia jina lake limerudi kwenye msafara wa mahujaji, na nikajiuliza kama ameamua kwenda hivyohivyo.

Nilimkuta Nyamisati, asubuhi, kwenye ngazi za kupandia boti. Mimi nilikuwa na mafurushi ya sare za shule za kupeleka Mbwera. Yeye alikuwa na pochi tu na chupa ya maji, amevaa baibui, amezeeka mabegani. Aliniona kabla sijajificha.

"Najua unawaza nini," alisema. "Sasa hana cha kupoteza, ndiyo anakuja."

"Sijasema kitu."

"Umewaza. Na ni kweli."

Tukapanda. Ilikuwa boti ya injini, abiria wachache, magunia ya unga katikati, na nahodha kijana wa rika la wanangu, mwenye kofia ya sufu na uso uliofungika. Tuliingia kwenye mkono wa mto, mikoko huku na huku, na kwa muda mrefu hakuna aliyezungumza kwa kelele za injini. Bi Meneja alikuwa anasogeza midomo. Alikuwa anajifunza sentensi yake, nadhani. Kisha aligeuka kwa nahodha akapaza sauti.

"Mwanangu, kule Mbwera unamjua mama mmoja mjane, ana genge karibu na msikiti?"

"Unamtakia nini?"

"Nina haki yake. Nimekuja kuirudisha."

Nahodha alimtazama kidogo, akazima injini. Ukimya uliingia ghafla, mpaka maji ya ubavuni yakasikika.

"Huyo ni mama yangu," alisema. "Tulimzika kabla ya mfungo."

Abiria wakasema inna lillahi. Bi Meneja alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili, na nilimwona akitaka kuniangalia na asithubutu. Ningependa kusema nilimhurumia. Wakati huo nilikuwa na hasira tu.

Lakini hakurudi nyuma, na hilo lazima niliseme. Mbele ya watu wote wale, kwenye boti iliyosimama, alilitoa neno aliloshindwa kulitoa barazani. "Mama yako hakula mchango wa mtu, mwanangu. Ile hela ya hitima tuliichukua sisi dukani. Karatasi ilisema bei moja, mashine ikatoza nyingine. Hakukuwa na mtandao ulioharibika. Nilijua siku ileile, nikanyamaza kwa ajili ya kazi yangu."

Kijana alikaa kwenye ubao wa nyuma.

"Alirudi kutoka Kibiti," alisema, "akatuambia meneja atakuja. Boti yoyote ikitia nanga alikuwa anatoka gengeni kuangalia nani anashuka. Baba mdogo akawa anamtania, mgeni wako kafika? Mama anasema, atakuja, yule si mtu wa kusema uongo."

Bi Meneja alilia hapo, bila sauti.

"Haki ya marehemu ni ya warithi wake," alisema alipoweza. "Wewe ndiye mrithi. Naomba radhi, mwanangu. Kwako na kwa ndugu zako. Na baba yako mdogo nitamwambia kwa mdomo wangu, leo."

"Mimi nimekupa," alisema kijana. "Yangu na ya wadogo zangu. Nenda kahiji."

Mwanamke mmoja juu ya magunia akashukuru Mungu, na watu wakaanza kupumua, wakidhani yamekwisha. Lakini kijana hakushika kamba ya injini. Alikuwa bado anamtazama Bi Meneja.

"Mimi nilimwambia mama yangu, rudisha tu hela za watu yaishe," alisema. "Nilimwambia mbele ya wake za wadogo zangu. Hakunijibu, akanipakulia chakula. Sikula. Sasa wewe unayejua mambo ya radhi, niambie. Yangu mimi nikaiombe wapi?"

Maji yalikuwa yanakupwa na boti ilishaanza kusogea kwenye mikoko. Kijana alingoja jibu kwa adabu, kama mtu aliyeuliza njia, na lilipokosekana aligeuka, akavuta kamba ya injini.